Utepe wa Bluu Sakafuni

Nyumba ile haikuwa na vitasa. Milango ya makabati yake ilifunguka kwa kusukumwa kidogo na kidole, ikarudi yenyewe taratibu, bila kelele, kama mtu aliyeambiwa kuna mgonjwa amelala. Siku za kwanza nilikuwa nasimama mbele ya kabati la jikoni natafuta pa kushika, sipaoni. Baba alinicheka mpaka akakohoa.

"Usivute," aliniambia. "Hawa watu walishachoka kuvuta. Wewe gusa tu, mlango utaelewa."

Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, yenye paa bapa. Jiko, meza ya chakula na sebule vilikuwa chumba kimoja kirefu kisicho na ukuta wa kukitenga. Ngazi zilichomoza ukutani kipande kimoja kimoja, chini yake hakuna kitu, ukipanda unaona sakafu katikati ya miguu yako. Taa zilifichwa ndani ya jasi ya dari, huoni balbu, unaona mwanga tu umetambaa. Upande wa bustani hapakuwa na ukuta kabisa. Palikuwa na vioo kutoka sakafuni mpaka darini, na nje ya vioo bwawa la kuogelea ambalo bado lilikuwa kavu.

Rangi zote zilichaguliwa na mama mmoja mpambaji wa nyumba. Mafundi walimwita Madam Beji, yeye akiwa hayupo. Kila kitu kwake kilikuwa rangi ya mchanga, rangi ya ukungu, rangi ya chai iliyozidiwa maziwa. Fundi wa rangi alimwambia kwamba kwa macho yake zote zilikuwa moja, akaambiwa arudi shule ya rangi. Huyo fundi wa rangi jina lake la kazini lilikuwa Koti Mbili, kwa sababu ukimwuliza lolote, hata habari za nyumbani, alijibu kwa hesabu ya mipako ya rangi, "Koti mbili tu, inakaa sawa."

Mimi waliniita Kimya. Ndiye yeye Koti Mbili aliyenipa hilo jina, kwa sababu nilikuwa nikisalimiwa naitika kwa kichwa.

Kazi yangu ni usafi wa mwisho. Fundi akishamaliza na kuondoka, mimi ndiyo naingia. Nakwangua rangi iliyodondoka kwenye vioo, natoa gundi kwenye marumaru, nafuta vumbi la jasi lililoingia mpaka ndani ya droo. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nyuma ya baba kwenye majengo, namshikia ndoo, nachanganya gundi. Baba alikuwa fundi wa vigae. Watu walimwita Mstari, maana ukiinama mlangoni ukaangalia mianya ya vigae vyake, inakwenda mpaka ukuta wa pili bila kuyumba. Jirani yetu alikuwa akisema hata akila, Mstari anapanga.

Sakafu ya sebule ile ndefu aliiweka baba. Vigae vikubwa, kimoja kinabebwa na watu wawili. Alianzia mlangoni akaenda mpaka chini ya vioo. Siku aliyoweka kigae cha mwisho alinawa mikono, akapanga vifaa vyake kwenye sanduku, akaja nyumbani, akala kidogo, akalala. Asubuhi mama alipomwamsha hakuamka.

Hiyo ndiyo hadithi mama aliyokuwa akiwasimulia watu wote waliokuja kutupa pole. "Hakuumwa hata siku moja. Hakuteseka. Alimaliza kazi yake mpaka kigae cha mwisho, akanawa, akalala." Aliisimulia kwa maneno yaleyale. Watu walitikisa kichwa wakasema amebarikiwa aliyeondoka hivyo. Nikaona mama akishaisimulia ndipo anapata nguvu ya kunyanyuka akachote maji.

Mimi sikulia. Sijui niseme vipi. Ni kama mdomo uliochomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hauko. Nilipika, nilifua, nilirudi kazini. Watu walinisifu kwamba nina moyo. Sikuwa na moyo wala nini.

Madam Beji alikuja kutupa pole mwenyewe, na viatu vyake vya kisigino vikazama kwenye tope la uani. Alimwambia mama, "Kabla wenye nyumba hawajahamia, nitakuita uje uone kazi ya mwisho ya mumeo. Jumamosi tukishaleta samani." Mama alimshika mkono akasema atakuja. Tangu hapo alikuwa akiniuliza kila nikirudi, "Sakafu bado safi? Hawajaikwaruza?" Nami nikaitika kwa kichwa. Alitoa viatu vyake vizuri, akavipaka dawa, akaviweka karibu na mlango.

*

Pale jengoni tulikuwa na utaratibu wetu. Anayefanya usafi wa mwisho anatembea na utepe wa bluu mfukoni. Akikuta kasoro, iwe rangi iliyovuja, mkwaruzo, mlango unaosugua, anabandika kipande cha utepe hapo na kuendelea. Hasemi na mtu. Mwenye kosa akipita ataona bluu, atarudi kurekebisha. Utaratibu huo ulinifaa sana mtu kama mimi. Koti Mbili alisema mimi nina mdomo wa bluu.

Vigae navyo vinapimwa. Unashika mpini wa kisu cha kukwangulia, unagonga kila kigae pembeni na katikati. Kigae kilichoshiba gundi chini kinatoa mlio mfupi, mzito, kama umegonga ardhi. Kisichoshiba kinalia kitupu. Ukikiwekea kitu kizito kitapasuka.

Asubuhi ile nilianza sakafu ya sebule. Sikutegemea kukuta kitu. Niligonga kutoka mlangoni, kigae kwa kigae, nikifuta nyuma yangu kwa kitambaa chenye maji. Mlio ulikuwa mzuri. Nilipita mbele ya jiko, nikapita mbele ya ngazi. Nikafika katikati ya sebule, mahali Madam Beji alipopanga kuweka makochi.

Kigae kimoja kikalia kitupu.

Niligonga tena. Nikasogea cha pili. Kitupu pembeni, kimeshiba katikati. Cha tatu kitupu. Nikaenda cha nne, cha mbele yake, cha mbele yake tena. Kila nilivyosogea kuelekea kwenye vioo ndivyo mlio ulivyozidi kuwa wazi, mpaka kule mwisho nilikuwa kama nagonga debe.

Ningeweza kusema nilifikiria sana. Sikufikiria. Mkono ulitoa utepe, ukakata, ukabandika. Ukagonga, ukakata, ukabandika. Ndivyo baba alivyoufundisha. Niliponyanyuka na kuangalia nyuma, nusu ya sakafu kutoka katikati mpaka vioo ilikuwa imejaa vipande vya bluu, na jua lilikuwa linaingia.

Baba mdogo akateremka ngazi.

Baba mdogo ni mdogo wake baba, naye fundi wa vigae, alikuwa anamalizia bafu za juu. Alisimama ngazi ya mwisho na ndoo mkononi.

"Nani kabandika hivi?"

"Mimi."

"Yote haya?"

Nikaitika kwa kichwa.

Aliweka ndoo chini. Akaangalia mlangoni kama Madam Beji amefika, kisha akaja akachuchumaa karibu yangu na kupunguza sauti.

"Bandua, mwanangu. Bandua kabla yule mama hajaja."

Nikarudisha utepe uliobaki mfukoni.

"Hivi unajua unafanya nini? Hii ni sakafu ya baba yako. Unataka Koti Mbili na wenzake waende kila jengo waseme Mstari alikuwa anaweka vigae hewani? Marehemu ana mdomo wa kujitetea? Wewe piga deki, ng'arisha, ondoka. Nani atakuja kugonga hapa?"

"Meza ya jiwe inakuja," nilisema.

"Meza itakaa!"

"Haitakaa."

"Basi ikipasua, ipasue sisi hatupo. Nyumba zinapasuka kila siku. Mama yako anakuja Jumamosi, umemfikiria mama yako? Au umekuwa kama hizi kuta?"

Nilifikiri labda ni kweli, nimekuwa kama zile kuta. Nilikuwa namsikia vizuri tu na maneno yake yalikuwa yanapita.

Baba mdogo alibandua utepe wa kwanza, akaukunja kwa hasira. Akabandua wa pili. Kwenye wa tatu akasita. Alichomoa pima maji yake kiunoni, akakigonga kile kigae kwa upande wake. Akasikiliza. Akagonga tena, taratibu, kichwa kimeinama upande mmoja kama baba alivyokuwa akifanya. Akahamia kingine. Aligonga hivyo mpaka akafika chini ya vioo, kisha akakaa pale sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto.

Baadaye alirudi kwenye vigae viwili alivyobandua. Aliukunjua ule utepe kwa kucha, akaurudisha mmoja mmoja, akaukandamiza kwa kidole gumba.

"Kakulea yeye," alisema. "Mimi ningekulea ungekuwa na akili."

Madam Beji alipofika hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akiangalia ule mstari wa bluu unapoanzia. Akavua kiatu kimoja, akachuchumaa, akagonga kwa kisigino hapa na pale. Alikuwa anajua kusikiliza, hilo nililiona. Akavaa kiatu chake.

"Masanduku ya akiba yapo stoo?"

"Yapo, Madam," baba mdogo akajibu.

"Utaving'oa wewe au nimlete mtu mwingine?"

"Asiviguse mtu mwingine."

"Mpaka Ijumaa?"

"Ijumaa utatembea juu yake."

Aliniangalia mimi kidogo, kama anataka kusema jambo. Akasema, "Mama yako aje Jumamosi vilevile." Akaenda kupigiana simu na watu wa mapazia.

*

Inabidi nieleze jambo moja, ili ieleweke tulichokikuta.

Kigae kikubwa kinawekwa hivi. Unamwaga gundi sakafuni, unaitandaza, halafu unaichana kwa mwiko wenye meno mpaka inakuwa matuta membamba, kama shamba dogo lililolimwa. Ndipo unalaza kigae na kukipiga kwa nyundo ya mpira, matuta yanalala, hewa inatoka. Ni kazi ya mkono na bega. Kuna njia nyingine ya haraka. Unaweka donge la gundi kila pembe na donge moja katikati, unalaza kigae juu, kinasimama kama meza juu ya miguu. Kwa macho huwezi kujua. Chini ni hewa.

Baba aliwadharau wapiga madonge kuliko wezi. Mwizi, alisema, angalau anakuja usiku, ana aibu. Wakati mmoja, baba mdogo akiwa kijana anajifunza, alipiga madonge baraza zima la nyumba ya mwalimu. Baba akalikagua, akamng'oesha lote mbele ya mwenye nyumba. Katika familia yetu hiyo ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Ukitaka kumwudhi baba mdogo kwenye shughuli, unamwuliza tu, "Baraza linaendeleaje?"

Kwa hiyo tulianza kung'oa. Baba mdogo alikata mianya kwa mashine, akabandika vishikio vya kunyonya, tukavuta. Mimi nilishika upande wa pili.

Kigae cha kwanza, kile cha katikati ya sebule, kilikuwa na matuta chini yake. Matuta ya baba, yale yale, ila yalikuwa mafupi na upande mmoja yalikuwa yamefifia kabla ya kufika ukingoni. Cha pili kilikuwa hivyohivyo. Cha mbele yake matuta yalianza kupinda. Mbele zaidi yalipishana, kama mtu aliyeanza upya mara kadhaa mahali pamoja. Halafu tukanyanyua kigae, nusu yake ina matuta, na nusu ina madonge mawili.

Baba mdogo alikiegemeza kile kigae ukutani. Akapangusa uso kwa mkono wa shati.

Kutoka pale mpaka kwenye vioo yalikuwa madonge matupu.

Koti Mbili alipita akitokea bustanini, akaona. "Eh! Nani huyu alikuwa anatupia gundi kama analisha ku..." Akaishia hapo. Nikaona macho yake yanahesabu, sakafu ya nani, sebule ya nani. Akageuka akatoka. Akarudi na turubai lake la kukingia rangi, lile kubwa lenye madoa ya kila nyumba aliyowahi kupaka, akalitandika juu ya sehemu yote iliyong'olewa isipokuwa pale tulipokuwa tunafanya kazi.

"Napaka dari," alisema. "Rangi isije ikadondoka."

Dari alishaimaliza zamani, koti zote mbili.

Tuliendelea. Kigae cha mwisho, kile cha chini ya kioo cha pembeni, kilinyanyuka karibu chenyewe, bila kubishana. Madonge yake hayakuwa na alama ya mwiko hata kidogo. Yalikuwa na alama za vidole. Vidole vinne vimechota gundi na kuibandika sakafuni, na gundi ikakauka na mifereji ya vidole ndani yake, na pembeni mkunjo wa kiganja. Alishindwa kuushika mwiko. Na bado juu, kwenye uso wa sakafu, mwanya haukuyumba hata mahali pamoja.

Hapo nilikumbuka fulana zake. Baba alikuwa mtu wa shati la vifungo, hata jengoni. Kipindi kile cha mwisho alianza kuvaa fulana tu, za kuingiza kichwa, zisizo na kifungo cha kufunga. Mama alimtania. "Mzee kawa kijana, sijui anamtafuta nani." Naye baba alicheka akasema ni joto. Tena alikuwa ananiagiza mimi bustanini nikaoshe ndoo kila tulipokwisha kukisogeza kigae, akakilaza peke yake, na alikataa nibaki sebuleni akikilaza. Alisema namzibia mwanga. Mimi, nusu ya nyumba nzima ni vioo, nikaamini namzibia mwanga.

Nilitaka kuweka vidole vyangu kwenye ile mifereji. Sikuweka. Baba mdogo alikuwa anasubiri ndoo, nikampa. Alichukua patasi akaibandua ile gundi yote, akaisugua sakafu mpaka ikawa kavu na tupu, na vipande nikavizoa kwa chepeo nikatia kwenye mfuko pamoja na vumbi. Ndiyo kazi yangu.

"Sikia," baba mdogo aliniambia tulipoanza kuweka vipya. Alikuwa amepiga magoti anachana gundi, na anachana vizuri, bega zima. "Mama yako akija, sakafu ni ya kaka. Kutoka mlangoni mpaka kiooni. Umenisikia? Hakuumwa, hakuteseka. Hiyo ndiyo inayompa usingizi. Wewe ukae hivyo hivyo na ukimya wako, kwa mara ya kwanza utatufaa."

Nikaitika kwa kichwa.

*

Jumamosi makochi yalifika mapema, marefu, rangi ya mchanga, na meza ya jiwe iliyobebwa na wanaume wengi huku Madam Beji akiwaelekeza kwa mikono miwili kama anaegesha lori. Meza ilikaa karibu na vioo. Niliisikia ikikaa. Sakafu haikulia.

Mama alikuja amevaa vile viatu vyake vizuri. Mlangoni alipewa soksi za plastiki za kuvalia juu ya viatu, akaziangalia, akazirudisha, akavua viatu kabisa akavishika mkononi.

"Karibu, mama, karibu ndani," Madam Beji alisema. "Tembea popote."

"Asante, mwanangu. Ni pakubwa." Kisha akaniuliza pembeni, "Ukuta wa jiko uko wapi?"

"Hakuna."

"Na mtu akikaanga?"

"Sijui, mama."

Koti Mbili alikuwa anapangusapangusa swichi iliyokuwa safi. "Shikamoo, mama. Hawa hawakaangi. Wanachemsha wanaangaliana."

Mama alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akaanza kutembea. Alitembea polepole na miguu yake mitupu, macho chini, akifuata mwanya mmoja kutoka mlangoni, mguu mbele ya mguu, kama mtu anayepita juu ya gogo. Baba mdogo alitembea pembeni yake na mikono nyuma. Mimi niliwafuata. Tulipita jiko, tukapita ngazi, tukapita makochi, mpaka kwenye vioo.

"Imenyooka," mama alisema.

"Kaka alikuwa na jicho, shemeji."

Mama aligusa kioo, kisha akaangalia chini ya miguu yake. "Kwa hiyo hapa ndipo alipomalizia. Kigae cha mwisho ni hiki?"

"Hapo hapo, shemeji. Hicho ulichokanyaga."

Mama aliinama. Akaweka viatu vyake pembeni, akaweka kiganja juu ya kile kigae, akakituliza pale. Kigae cha baba mdogo, cha juzi. Alikipapasa kama unavyopapasa paji la uso wa mtoto mwenye homa, na midomo yake ilianza kusogea, nikajua anajisimulia ile hadithi. Hakuumwa. Alimaliza. Akanawa.

Mdomo wangu ulikuwa mzito. Sikupanga kusema. Niliona tu mkono wake uko mahali pasipo na mtu.

"Siyo hapo," nilisema.

Baba mdogo alinigeukia haraka. Nami tayari nilikuwa narudi nyuma, napita meza ya jiwe, mpaka katikati ya sebule, mbele ya kochi refu. Nilikijua kile kigae bila kugonga. Cha mwisho kilichoshiba. Nikasimama pembeni yake nikakionyesha kwa kidole cha mguu.

"Hapa, mama."

Madam Beji alikuwa ameshika mto wa kochi, akabaki nao kifuani. Koti Mbili akaacha swichi.

Mama alinyanyuka, akaja. Alisimama kwenye kile kigae akatazama mlangoni alikotoka, kisha akageuka akatazama kile kipande chote kilichobaki mpaka kwenye vioo. Alikitazama muda mrefu.

"Na kule?"

"Baba mdogo," nilisema.

"Shemeji," baba mdogo alianza, "usimsikilize huyu, mambo ya ufundi hayo, vigae viwili vitatu tu vilikuwa..."

"Zile fulana," mama alisema.

Baba mdogo akaangalia juu kwenye dari, kwenye ile taa isiyoonekana.

Mama alichuchumaa, safari hii palepale katikati ya sebule ya watu, akaweka kiganja kwenye kile kigae nilichomwonyesha. Hakujisimulia kitu. Alikaa hivyo mpaka magoti yalipomwuma, akaninyooshea mkono nimnyanyue. Mkono wake ulikuwa wa moto. Hilo nililisikia vizuri.

"Kile kipande chako nacho kimenyooka," alimwambia baba mdogo. "Siyo kama baraza."

"Asante, shemeji," alisema baba mdogo, akaenda nje kutafuta kitu bwawani, na bwawani hapakuwa na kitu.

Wabebaji wakaingia na zulia. Lilikuwa limekunjwa kama gogo, rangi ya ukungu. Kwenye mpango wa Madam Beji zulia lilikaa mbele ya kochi refu, palepale tulipokuwa. Aliangalia zulia, akamwangalia mama, na nikaona anataka kuwaambia wabebaji wasubiri, au walipeleke kwingine. Mama akasogea mwenyewe.

"Tandikeni tu," alisema. "Litakitunza."

Wakatandika. Kigae kikaingia chini pamoja na vingine, na Madam Beji akapiga magoti akanyoosha pembe ya zulia kwa mikono yake.

Mimi nilikuwa bado na vioo. Wenye nyumba walikuwa wanakuja mchana na kioo kikubwa kilikuwa na alama za mikono ya wabebaji wa meza. Nilichukua ndoo na kitambaa nikaanza. Nilifikiri mama atakaa kwenye kiti cha jikoni anisubiri, lakini alikuja akachukua kitambaa cha pili ndani ya ndoo, akakikamua, akatoka nje bila viatu, akasimama upande wa bustani, akaanza kufuta kwa kule.

Tulifuta hivyo, yeye nje mimi ndani. Tukafika kwenye doa moja dogo jeupe, tone la rangi. Nilisugua, halikutoka. Naye akasugua, halikutoka. Nikagonga kioo nikamwonyesha kwa kidole: liko upande wako. Mama akalitazama kwa karibu, pua karibu iguse kioo, akatikisa kichwa. Akanionyesha mimi kwa kidole. Liko upande wako.

Nikachukua kisu cha kukwangulia. Naye akatia ukucha. Tukakwangua wote wawili mahali pamoja, uso wake ukiwa mbele ya uso wangu.